Nani Anaamua Kanuni za Bitcoin? Ugomvi wa Bloku na Yaliyofuata

Ndani ya programu ya Bitcoin, sarafu ya kidijitali, kulikuwa na mstari mmoja uliosema bloku, yaani ukurasa mmoja wa miamala, isizidi baiti 1,000,000. Kuanzia mwaka 2015 hadi mwishoni mwa 2017 mstari huo uliwagombanisha watu waliokuwa wakiandika programu pamoja, ukawatoa wengine kabisa katika kazi hiyo, ukazaa sarafu ya pili, na ukaacha kambi mbili, ya waliotaka bloku kubwa na ya waliotaka bloku ndogo, ambazo mpaka leo zikikutana hazikosi kurushiana maneno.

Ukiwakuta watu wa kripto wanabishana kuhusu programu ipi ya kuendesha, kampuni ipi imewasaliti wateja wake au sarafu ipi ndiyo ya kweli, mara nyingi wanarudia hoja zilizotolewa wakati ule. Sisi wa Afrika Mashariki hoja hizo hutufikia zikiwa vipandevipande. Mtu anaambiwa "Bitcoin haina mwenyewe", naye anaamini au anakataa, lakini hapati wa kumweleza mambo huwaje siku watumiaji wanapokosana kuhusu kanuni. Maana lazima watakosana. Na kama kweli hakuna mwenyewe, nani huamua?

Tuanze na mtambo wenyewe. Bitcoin ni daftari. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari ndiyo mali, kwa sababu sarafu haipo mahali pengine popote nje ya maandishi yake. Kila baada ya dakika kumi hivi daftari linaongezewa ukurasa mmoja wa miamala, na ukurasa huo ndio bloku. Wanaoandika kurasa ni wachimbaji: wenye kompyuta maalumu zinazoshindana kubahatisha namba. Atakayeipata kwanza anaongeza bloku na kujilipa sarafu mpya pamoja na ada za miamala iliyomo. Mwaka 2009 zawadi hiyo ilikuwa bitcoin 50. Hupungua kwa nusu kila bloku 210,000 zikipita, na tangu Aprili 2024 ni 3.125. Kwa mpango huo jumla ya sarafu zote haitavuka milioni 21.

Watu wengi huishia hapo na kudhani wachimbaji ndio wakubwa wa mtandao. Lakini kuna nodi, ambazo ni kompyuta za watu wa kawaida, makampuni na masoko ya sarafu, kila moja ikiwa na nakala yake ya kanuni zote na kukagua daftari lote yenyewe. Bloku mpya ikiifikia nodi, kinachofanyika ni hiki. Nodi inahakiki kwamba ile kazi ya kukokotoa imefanyika kweli. Inapitia muamala mmoja mmoja: je, sahihi inalingana na ufunguo wa mwenye fedha? Fedha hizo zipo, na hazijatumika kwingine? Inajumlisha zawadi aliyojiandikia mchimbaji kuona kama amejiongezea hata chembe. Inapima ukubwa. Likipatikana kosa moja tu, bloku nzima inatupwa, hata kama aliyeitengeneza ametumia umeme wa kuwasha mji. Hana pa kukata rufaa.

Kwa hiyo mchimbaji anapeleka bloku na nodi zinaikubali au kuikataa. Kando yao wapo waandishi wa programu, wanaoweza kuandika kanuni yoyote wanayotaka lakini hawana uwezo wa kumlazimisha mtu aipakue. Yapo makampuni yenye wateja wengi na fedha nyingi. Wapo pia wamiliki wa kawaida, ambao silaha yao pekee ni kununua sarafu au kuiuza. Mwaka 2015 hakuna aliyejua kwa hakika ni nani kati ya hao angeshinda wakivutana.

Kikomo kilikotoka

Satoshi Nakamoto, mtu au kundi lililojificha nyuma ya jina hilo, alitoa andiko lake la kurasa tisa tarehe 31 Oktoba 2008 na kuanzisha mtandao Januari 2009. Kikomo cha baiti milioni moja alikiweka mwenyewe mwaka 2010, bila tangazo. Sarafu wakati huo ilikuwa karibu haina bei, na mtu yeyote angeweza kuzijaza bloku takataka bila gharama ya maana. Oktoba mwaka huohuo alieleza jinsi kikomo kingeweza kupandishwa baadaye: programu iandikwe mapema kwamba bloku zikipita namba fulani, naye akatoa mfano wa 115,000, kikomo kikubwa zaidi ndicho kitumike. Watu wangepata muda wa kusasisha programu kabla ya siku yenyewe. Bloku ya 115,000 ilipita mwaka 2011 kikomo kikiwa palepale, na Aprili mwaka huo Satoshi aliaga kwa kusema amehamia mambo mengine.

Asiyekuwapo na lake halipo. Kambi zote mbili zilichimbua maandishi yake ya zamani, kila moja ikapata pa kushikia, na hakukuwa na wa kuwaambia mwenyewe alikusudia nini. Mimi naona kuondoka kwake kuliusaidia mtandao zaidi kuliko kuliudhuru. Angekuwapo, neno lake lingekata shauri, na Bitcoin ingekuwa na mwenyewe.

Kikomo hicho kinaumaje? Muamala mmoja wakati ule ulikuwa na baiti kati ya 250 na 500. Chukua 500: bloku moja inabeba miamala 2,000. Igawanye kwa sekunde 600 zinazopita kati ya bloku na bloku, unapata miamala mitatu na ushee kwa sekunde, kwa dunia nzima. Bloku zikiwa nusu tupu hakuna anayelalamika. Zikianza kujaa, mchimbaji huchagua miamala yenye ada kubwa, na wenye ada ndogo wanasubiri saa nyingi, hata siku.

Imani mbili, daftari moja

Kambi ya bloku kubwa iliiona Bitcoin kuwa fedha taslimu ya mtandaoni, ya kununulia chai na kumtumia ndugu aliye mbali. Kichwa chenyewe cha andiko la Satoshi kinasema hivyo. Ada zikipanda, wa kwanza kufukuzwa ni maskini, yaani walewale ambao benki zimewaacha nje. Kwa kambi hii, kuinua kikomo kulikuwa kutimiza ahadi ya mwanzo, na waliokataa walionekana wanaupora mradi.

Kambi ya bloku ndogo iliangalia gharama ya kukagua. Bloku ya megabaiti moja, yaani baiti milioni moja, kila dakika kumi ni bloku 144 kwa siku, sawa na gigabaiti 52 na kitu kwa mwaka. Kompyuta ya kawaida inazimudu. Bloku za megabaiti nane zikijaa, hesabu inavuka gigabaiti 420 kwa mwaka. Na pendekezo kubwa la mwaka 2015 lilitaka kikomo kianzie megabaiti nane, kisha kiwe kinaongezeka maradufu kila miaka miwili mpaka kifike takribani gigabaiti nane mwaka 2036. Bloku za ukubwa huo zikijaa, nodi ingepokea zaidi ya terabaiti moja kila siku. Nani angebaki anakagua? Makampuni machache yenye maghala ya kompyuta. Wengine wote wangeamini wanachoambiwa, na kwa kambi hii hapo ndipo Bitcoin ingegeuka kuwa benki nyingine.

Msomaji anayenunua intaneti kwa bando analielewa jambo hili vizuri kuliko mtu mwenye nyaya za kasi nyumbani. Kwa mtu wa Mwanza au Kisumu, nodi ya gigabaiti 52 kwa mwaka ni gharama ya kupangia bajeti. Terabaiti kwa siku haiwezekani, hata akitaka.

Kambi ya bloku kubwa nayo ilikuwa na jibu ambalo halikupewa uzito unaostahili: mtu ambaye hamudu ada ya kutuma muamala mmoja, haki ya kuukagua mtandao asioweza kuutumia inamfaa nini? Hili ni swali la kweli na haliwezi kufutwa kwa matusi. Matusi ndiyo yaliyotumika, kwa bahati mbaya.

Agosti 2015 Gavin Andresen, ambaye Satoshi alimwachia usimamizi wa programu, na Mike Hearn, aliyewahi kuwa mhandisi wa Google, walitoa toleo lao lililoitwa Bitcoin XT. Bloku kubwa zingeanza iwapo bloku 750 kati ya 1,000 zilizopita zingeonyesha kuunga mkono. Wasimamizi wa baadhi ya kumbi kubwa za mazungumzo walipiga marufuku kuitangaza XT, wakisema si Bitcoin, na waliofukuzwa wakafungua kumbi zao. Nodi za XT zilishambuliwa kwa mafuriko ya data hadi nyingine zikazimika. Januari 2016 Hearn alitangaza kwamba jaribio la Bitcoin limeshindwa na kwamba ameuza sarafu zake zote. Bei wakati huo ilikuwa chini ya dola 500.

Kupiga marufuku mjadala lilikuwa kosa kubwa, hata kwa anayeona kambi ya bloku ndogo ilikuwa na hoja nzito zaidi, kama ninavyoona mimi. Katika mtandao usio na bunge wala mahakama, watu hukubaliana kwa kuzungumza. Ukiuzima mjadala, wanaobaki nje hawana sababu ya kuukubali uamuzi, na ndivyo ilivyokuja kutokea.

Kubana kanuni na kulegeza kanuni

Bila kutofautisha mambo mawili, kisa cha 2017 hakieleweki. Kanuni inaweza kubanwa au kulegezwa. Ikilegezwa, kwa mfano kikomo kikapanda kutoka megabaiti moja hadi mbili, nodi zenye programu ya zamani zitaikataa bloku ya kwanza ya megabaiti moja na nusu. Ili mtandao usipasuke, karibu kila mtu lazima abadilishe programu kabla ya siku hiyo. Kanuni ikibanwa, vitu vilivyokuwa halali vinapungua, lakini kila kinachobaki bado ni halali machoni pa nodi ya zamani. Asiyesasisha haachwi nyuma.

Desemba 2015, katika mkutano uliofanyika Hong Kong, Pieter Wuille, mmoja wa waandishi wa programu, aliwasilisha njia ya kuongeza nafasi kwa kubana. Iliitwa SegWit. Sahihi za miamala, ambazo hula sehemu kubwa ya nafasi, zilihamishiwa sehemu ya pembeni ambayo nodi za zamani haziioni wala kuihesabu. Kwa nodi ya zamani muamala wa aina hiyo unaonekana kama fedha ambayo yeyote anaweza kuichukua. Nodi mpya inadai sahihi. Bloku ikapata nafasi ya ziada bila mstari wa baiti milioni moja kuguswa. Pia njia hii iliziba kasoro ya siku nyingi iliyomruhusu mtu wa kati kubadili namba ya utambulisho ya muamala kabla haujaandikwa, na kasoro hiyo ndiyo iliyokuwa ikizuia mipango mingine tutakayoifikia.

Shida ilikuwa sharti lake: SegWit ingeanza iwapo wachimbaji wa asilimia 95 ya bloku katika kipindi cha bloku 2,016 wangetoa ishara ya kukubali. Sharti liliwekwa kwa usalama, mtandao usibadilike wakati wachimbaji wengi bado hawajajiandaa. Wachimbaji wakalichukua kama kura ya turufu, na miezi ikapita bila asilimia hiyo kukaribiwa. Aprili 2017 Gregory Maxwell, naye mwandishi wa programu, alieleza mbinu ya siri ya kupunguza kazi ya uchimbaji ambayo SegWit ingeiharibu, na shutuma zikamwangukia Bitmain, mtengenezaji mkubwa wa mashine za uchimbaji kutoka China. Bitmain ilikiri kwamba chipu zake zina uwezo huo, ikakana kuutumia kwenye mtandao halisi.

Tarehe 23 Mei 2017 makampuni 58 kutoka nchi 22, pamoja na wachimbaji wenye zaidi ya asilimia 83 ya nguvu yote ya uchimbaji, yalitangaza makubaliano mjini New York: SegWit ianze, na ndani ya miezi sita kikomo kiongezwe maradufu. Ukiyahesabu majina tu, ungesema ubishi umekwisha. Waliosaini walikuwa na mashine, wateja na fedha.

Lakini kulikuwa na pendekezo jingine lililokwisha kuanza kusambaa, la mtu asiyejulikana aliyejiita Shaolinfry. Lilisema hivi: kuanzia tarehe 1 Agosti 2017, nodi zetu zitaikataa bloku yoyote isiyounga mkono SegWit, wachimbaji wakitaka wasitake. Nodi zilizofuata pendekezo hilo zilikuwa chache. Nguvu yake ilitoka wapi, basi?

Jiweke mahali pa mchimbaji. Umeme wa mwezi huu umeshaulipia. Zawadi unayojiandikia kwenye bloku huwezi kuitumia mpaka bloku 100 nyingine ziongezwe juu yake, takribani saa 17. Ukipeleka bloku isiyo na ishara ya SegWit, sehemu ya nodi zitaitupa. Kama miongoni mwa hizo zimo nodi za masoko na za wanunuzi wa sarafu, zawadi yako inaweza kukosa mnunuzi, au kubaki kwenye mnyororo, yaani mfululizo wa bloku, ambao kesho utaachwa. Ukitoa ishara, bloku yako inakubalika pande zote mbili. Hasara iko upande mmoja tu. Ndiyo maana wachimbaji waliharakisha: walitumia njia ya mkato iliyohitaji asilimia 80, wakaifikia Julai, na SegWit ikaanza kutumika tarehe 24 Agosti 2017.

Tarehe 1 Agosti sehemu ya kambi ya bloku kubwa ilijitenga. Walichukua daftari lote lililokuwapo, wakaweka kikomo cha megabaiti nane, wakaita sarafu yao Bitcoin Cash. Waliobaki katika makubaliano ya New York walisubiri Novemba ili kikomo kiongezwe maradufu. Halikutokea. Masoko yaliyofungua biashara ya awali ya sarafu ambayo ingezaliwa na kikomo hicho kipya yaliiona ikiuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya ile ya zamani. Tarehe 8 Novemba Mike Belshe, mkuu wa kampuni ya BitGo, na viongozi wengine watano wa mpango huo walitangaza kusitisha mpango, wakisema hawajapata maelewano ya kutosha na hawataki kuligawa kundi la watumiaji.

Kwa hiyo jibu la swali letu ni hili: kanuni zinashikiliwa na wale ambao sarafu wanayoikubali ndiyo inayotakiwa na wengine, kwa kadiri wanavyoendesha programu inayokagua. Nodi iliyowashwa chumbani na mtu asiyenunua wala kuuza chochote ina uzito mdogo. Nodi ambayo mfanyabiashara huitumia kuamua kama amelipwa ina uzito mkubwa, kwa sababu ikikataa, mzigo hautoki. Wachimbaji hufuata fedha zinapoelekea, na mwaka 2017 walifuata.

Mgala muue na haki yake mpe

Baada ya ushindi huo wa kambi ya bloku ndogo bei ilipanda kwa kasi, watu wakamiminika, bloku zikajaa. Katika wiki ya mwisho kabla ya Krismasi 2017 wastani wa ada ya muamala mmoja ulivuka dola 50. Kambi ya bloku kubwa ilikuwa imesema hili litatokea, na lilitokea. Kwa mtu anayetuma nyumbani dola 30, Bitcoin ilikuwa imefungwa kabisa.

Bitcoin Cash nayo ilibaki na ada ndogo mno, ila haikuwapata watumiaji iliowatarajia. Kwa miaka kadhaa sasa bei yake mara nyingi imekuwa chini ya moja ya mia ya bei ya bitcoin. Novemba 2018 yenyewe iligawanyika kwa ugomvi wa ukubwa na kanuni, na kundi lililoondoka lilikuwa la Craig Wright, mtu aliyedai kuwa ndiye Satoshi. Machi 2024 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua kwamba siye. Novemba 2020 Bitcoin Cash ikagawanyika tena. Ukishazoea kutatua tofauti kwa kujitenga, kundi linalofuata nalo huchukua njia hiyohiyo.

Isidhaniwe pia kwamba katika Bitcoin hakuna mwenye sauti. Agosti 2010 hitilafu iliruhusu muamala uliotengeneza zaidi ya bitcoin bilioni 184 kutoka hewani; ndani ya saa chache programu ilirekebishwa na mnyororo wenye kosa ukaachwa. Machi 2013 toleo jipya la programu lilikubali bloku ambayo matoleo ya zamani yaliikataa, mtandao ukapasuka kwa saa kadhaa, na wachimbaji wakubwa wakaombwa na waandishi wa programu warudi toleo la zamani. Walirudi, wakapoteza zawadi walizokwisha kuchimba. Kukiwa na moto na kila mtu anataka uzimwe, watu wachache wanaoaminiwa wanaweza kuongoza wote. Wanashindwa pale watumiaji wenyewe wanapotaka mambo mawili yasiyopatana.

Jamii nyingine iliamua kinyume kabisa. Juni 2016 mtu alitumia kasoro katika mkataba wa kidijitali uliokuwa umekusanya michango mikubwa kwenye mtandao wa Ethereum, akahamisha sarafu milioni 3.6 za mtandao huo, ziitwazo ether. Wengine walisema kilichoandikwa kwenye programu ndiyo sheria, na alichofanya kiliruhusiwa. Wengi wakasema wizi ni wizi. Tarehe 20 Julai mtandao ulibadilishwa ili fedha zirudi kwa wenyewe, na waliokataa wakaendelea na mnyororo wa zamani, unaoitwa Ethereum Classic.

Mgawanyiko wa Agosti 2017 ulifunua jambo jingine, kuhusu huduma. Aliyekuwa na bitcoin 2 kwenye waleti yake, ufunguo wa siri ukiwa mkononi mwake, aliamka na bitcoin 2 na Bitcoin Cash 2, na uamuzi wa kuuza au kutunza ulikuwa wake. Aliyeziacha kwenye soko la sarafu alitegemea uamuzi wa kampuni. Coinbase, moja ya masoko hayo, kwanza ilisema haitaitambua sarafu mpya, wateja wakalalamika, ikabadili msimamo, na iliifungua Desemba. Kwa miezi minne bei ilipanda na kushuka huku wateja wakitazama tu. Na huo ulikuwa usumbufu mdogo. Mt. Gox, soko la sarafu la Tokyo, lilipofilisika Februari 2014 lilisema limepoteza bitcoin zipatazo 850,000. 200,000 kati yake zilikuja kupatikana, na wateja walianza kurudishiwa bitcoin Julai 2024.

Ndiyo maana inafaa kutenganisha sarafu na kampuni inayokushikia sarafu. Oktoba 2025 Kenya ilipata sheria ya kuwapa leseni na kuwasimamia watoa huduma za mali za kidijitali. Sheria ya namna hiyo inaweza kumbana mwenye soko asichezee fedha za wateja. Haiwezi kubadili milioni 21 wala ukubwa wa bloku, na haiwezi kumrudishia mtu sarafu alizotuma mwenyewe kwa tapeli wa WhatsApp aliyemwahidi faida ya kila wiki. Tapeli huyo hutumia jina la Bitcoin kwa kuwa linajulikana. Anachouza ni ahadi yake mwenyewe, na ahadi hiyo ina mwenyewe.

Ada kubwa zilipata tiba ya nusu. Kuzibwa na SegWit kwa ile kasoro ya namba ya utambulisho kulifungua njia ya Lightning, mpango ulioandikwa na Joseph Poon na Thaddeus Dryja na kuanza kutumika mwaka 2018. Watu wawili wanafunga kiasi cha bitcoin kwa pamoja, na muamala wa kufunga unaandikwa kwenye daftari kuu. Baada ya hapo wanaandikiana makubaliano mapya kila mmoja akisaini: sasa wewe una kiasi hiki, mimi kile. Wanaweza kubadilisha mara elfu, kwa sekunde na kwa ada ndogo sana, bila kugusa daftari kuu. Wakimalizana, hali ya mwisho tu ndiyo inayoandikwa. Mmoja akijaribu kupeleka karatasi ya zamani iliyompa zaidi, mwenzake anaweza kuchukua fedha zote kama adhabu, mradi awe macho kwa wakati. Na malipo yanaweza kupita kwa watu wa kati hadi yamfikie usiyemjua.

Mwaka 2022 Mwafrika Kusini Kgothatso Ngako alianzisha Machankura, huduma inayotumia Lightning kupitia menyu ya kubonyeza nyota na reli, kama tulivyozoea kutuma pesa kwa simu. Imefika Kenya, Uganda na Tanzania. Mwenye simu ya kitochi bila bando anaweza kupokea bitcoin, jambo ambalo kambi ya bloku kubwa iliona haliwezekani bila bloku kubwa. Lakini simu hiyo haiwezi kutunza ufunguo wala kukagua bloku, kwa hiyo huduma ndiyo inayomshikia mteja sarafu zake. Tumerudi kwenye kuamini. Kwa kiasi cha fedha ya matumizi sioni ubaya. Kwa akiba ya miaka naona hatari.

Ugomvi umepata sura mpya. Tangu Januari 2023, Casey Rodarmor alipotoa njia ya kuandika picha na maandishi ndani ya bitcoin, watu wamebishana kama daftari la fedha libebe vitu hivyo. Oktoba 2025 toleo la 30 la Bitcoin Core, programu inayoendeshwa na nodi nyingi, liliongeza sana kiasi cha data ambacho nodi hukubali kupitisha ndani ya muamala, na waliopinga wakahamia Bitcoin Knots, programu inayotunzwa na Luke Dashjr. Maneno yanayotumika ni yaleyale ya 2017: usaliti, uporaji, Bitcoin ya kweli. Safari hii, hata hivyo, kilichobadilishwa ni taratibu za kupitishiana miamala, na kanuni za bloku halali zimebaki zilivyo. Nodi ya Knots hukataa kuupitisha muamala wenye data nyingi ukiwa njiani, lakini mchimbaji akishauweka kwenye bloku, nodi hiyohiyo inaikagua bloku, inaiona halali na kuihifadhi. Kwa hiyo kuendesha Knots peke yake hakuugawi mnyororo. Wapo wanaotaka kwenda mbali zaidi na kubana kanuni yenyewe, bloku zenye data ya namna hiyo zikataliwe kabisa. Wakilifanya hilo bila wachimbaji na wanunuzi walio wengi, ndio watakaojikuta kwenye mnyororo wa pili.